Masta ya ulinzi wa mtoto: nibaki na sheria Bukavu, niende Uswisi au Uholanzi, au nihamie afya ya jamii?

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Jambo wandugu. Nataka kuwa mtafiti na mwalimu wa chuo kikuu kwenye mambo ya ulinzi wa mtoto: sera, mahakama za watoto, watoto waliotoka kwenye vikundi vya silaha. Niko na njia tatu na lazima nijibu mwisho wa mwezi huu. Ya kwanza ni kubaki Bukavu na kufanya masta ya sheria. Ya pili ni kuomba nje: Chuo Kikuu cha Geneva kiko na masta ya haki za mtoto, na Leiden wako na yao. Ya tatu ni kuacha sheria na kuhamia afya ya jamii, maana naona miradi mingi iko huko. Ipi inampeleka mtu mbali zaidi? Asanteni.

Bagira_Sheria (Bukavu)

Karibu ndugu, lakini umetupa majina ya miji tu. Lisansi yako ni ya mfumo wa zamani, gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, au ni ya LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na udaktari? Ulipata pointi ngapi, tena mwaka kwa mwaka, si ule wa mwisho peke yake? Kiingereza unaandika au unasikia tu? Minervali (ada ya chuo) na nyumba atalipa nani? Na huyo anayesubiri jibu mwisho wa mwezi ni nani? Vyuo vya Ulaya vina tarehe zao na haviko hivyo. Kuna kitu hujasema.

Wakati unatafuta majibu, langu naliweka mezani: baki kwenye sheria. Sera ya mtoto nchini kwetu inazunguka Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Ndiyo iliyoleta mahakama za watoto na kamati za upatanishi, ndiyo iliyosema mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa kosa la jinai hata kidogo, ndiyo inayokataza kumwita mtoto mchawi. Mtu asiyeweza kuisoma pamoja na Kodi ya Familia (kitabu cha sheria za familia) iliyorekebishwa mwaka 2016 ataandika ripoti ya kupendeza, lakini jaji hataifungua. Tena kwenye fakilte nyingi somo hilo linabebwa na mtu wa jinai au wa sheria ya familia aliyepewa saa za kujaza ratiba. Nafasi iko hapo.

Karisimbi243 (Goma)

Bagira ameanza tena na sheria yake. Maandishi tunayo tangu 2009, kinachokosa ni hesabu. Uliza ofisi yoyote ya mkoa ni watoto wangapi wanaishi nje ya familia. Utapewa namba ya mradi fulani, ya mwaka fulani, ya mtaa fulani. Mtu anayejua takwimu kwenye eneo hili hana mshindani.

Na kuanza si gharama. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018, unaopita nyumba kwa nyumba kuuliza hali ya watoto na wanawake, uliofanywa na INS (taasisi ya taifa ya takwimu) pamoja na UNICEF, unapatikana bure: unajiandikisha kwenye tovuti yao, unaeleza kwa mistari michache unataka kuufanyia nini, kisha wanakufungulia mafaili. Yako kwa muundo wa SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, lakini huhitaji kuinunua. PSPP ni ya bure na R inayasoma. Mle ndani kuna moduli ya adhabu kwa watoto wa mwaka 1 hadi 14 na moduli ya kazi za watoto wa miaka 5 hadi 17. Kosa la wanafunzi wengi ni kupiga asilimia bila kuweka uzito wa sampuli (kila nyumba inasimama kwa nyumba ngapi), bila kuiambia programu strata (maeneo yaliyogawanywa kabla ya kuchagua) na kundi la uchaguzi (kijiji au mtaa uliochaguliwa) ni lipi. Ukifanya hivyo, kiwango cha makosa kinatoka kidogo kuliko kilivyo, unatangaza tofauti kati ya mikoa ambayo haipo, na profesa wa takwimu akikaa kwenye jury ya utetezi wako umekwisha.

Halafu angalia kinachokosekana mle. MICS inaingia kwenye nyumba. Mtoto anayelala soko la Virunga, aliye kwenye kituo, aliye msituni na silaha, hayumo. Pengo hilo peke yake ni tasnifu nzima ya udaktari. Kwa hiyo mimi nasema afya ya jamii, sababu ndiko wanafundisha sampuli kwa undani.

Kenya_Lushi (Lubumbashi)

Bandugu, muko munazungumuza sawa vile batoto beko ku Kivu peke yake. Huku kwetu kuko mingodi, mashimo ya madini! Haya, naandika Kiswahili chenu sasa ili Bagira asinipe kalamu nyekundu.

Ukitaka pesa za utafiti, angalia Lubumbashi na Kolwezi. Tangu ulimwengu ulipoanza kuuliza kobalti inatoka wapi, vyuo vya nje vinatafuta washirika huku kila mwaka. Lakini ujue mitego. Anayefika shimoni kuhesabu watoto hawaoni wengi, sababu wengi hawako shimoni. Wako mtoni wanaosha, wako kando wanachambua na kubeba, na wasichana wako kwenye kuuza chakula na maji. Fomu inayouliza "unachimba?" inaandika hapana na kuendelea. Uliza alifanya nini jana, tangu asubuhi mpaka jioni, ndipo kazi inaonekana. Na namba ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, si namba ya Februari. Anayelinganisha miaka miwili bila kulinganisha miezi anapima likizo.

Mtego wa pili uko kwenye mkataba. Mfadhili akiandika kwamba makala itatoka "baada ya idhini yake", dai muda wa mwisho, siku 30 au 60 za kutoa maoni, na iandikwe wazi kwamba zikipita uko huru kuchapisha. Bila mstari huo kazi yako inaweza kulala kwenye droo ya kampuni mpaka uzeeke.

Mwana_Ibanda

Asanteni wakubwa. Kwa upande wangu ningependa zaidi watoto waliotoka vikundi vya silaha. Kuna shirika limeniahidi orodha ya watoto wa kuhoji kwenye kituo chao, kwa hiyo upande wa data niko sawa.

Mama_Himbi (Goma)

Mwanangu, hapo hapo simama. Huko sawa.

Kuna dosie moja ambayo watu wa ulinzi wa mtoto huku wanaijua vizuri. Chuo sitakitaja, shirika sitalitaja. Mtafiti alikuwa na mada kama yako na alipewa orodha kama hiyo ya kwako: watoto 40, wengine kwenye kituo cha mpito, kile tunachoita CTO, wengine kwenye familia za kuwapokea kwa muda. Alikuwa na barua ya fakilte yenye muhuri, akaona inatosha. Barua ya fakilte inasema tu kwamba wewe ni mwanafunzi. Haisemi kwamba itifaki yako imesomwa na kamati ya maadili, na kamati hairudi nyuma kutoa idhini kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Hilo la kwanza.

La pili ni ridhaa. Karatasi zote 40 zilikuwa na sahihi ya mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo anampa mtoto chakula na mahali pa kulala, lakini si mzazi wake wala si mlezi wake kisheria. Kwa mtoto ambaye familia yake inajulikana, mzazi ndiye anayekubali; kwa asiye na mtu, unapita kwanza kwenye ofisi ya Mambo ya Jamii na wanakuelekeza nani anasimama mahali pa mzazi. Baada ya mkubwa kukubali, mtoto naye anaulizwa kwa lugha yake, na akisema hapana ni hapana. Tena aulizwe bila mtu wa kituo kusimama mlangoni, kwa sababu mtoto anayesubiri kurudishwa nyumbani anaweza kudhani kwamba kujibu ndiko kunakomrudisha.

La tatu ndilo lililoua utafiti wenyewe. Orodha iliandikwa na shirika, na shirika liliweka watoto wanaosema vizuri, wale waliozoea kuletewa wageni. Maneno yao yakafanana mpaka vituo vya sentensi. Wasichana walikuwa wachache mno, na hiyo haishangazi kwa anayejua eneo: wasichana wengi wanarudi nyumbani kimya kimya bila kupita kituo chochote, kwa kuogopa jina watakalopewa mtaani. Kwa hiyo anayechukua sampuli CTO anapata picha ya wavulana, kisha anaandika "watoto".

Nikija kwenye fomu, ilikuwa ya KoboCollect, programu ya kujaza fomu kwenye simu au tableti. Ndani yake kuna jina, kijiji, jina la kamanda, na swali la kuchukua GPS, kwenye tableti moja waliyokuwa wanapeana watu watatu. Fikirieni tableti hiyo ikamatwe na wenye silaha kwenye barabara ya Sake. Na siku ya mahojiano iliwekwa Jumamosi, mwanasaikolojia wa kituo hayupo. Binti mmoja alipofika kwenye swali la kambi alianza kutetemeka, akaacha kusema, na hakuna aliyejua ampeleke wapi. Walimpa maji na wakaita anayefuata.

Mwisho wake ni huu: jury ilisimamisha utetezi, jarida la nje likaomba namba ya idhini ya maadili na hakuna namba, na kile kilichokusanywa kikaamriwa kifutwe chote. Miaka miwili ya kazi.

Sasa njia yenyewe. Itifaki inaingia kwenye kamati kabla ya mtoto wa kwanza, na unaipangia miezi, si wiki. Kabla ya kuanza, unaandika ukurasa mmoja wa huduma: kituo cha afya gani, mwanasaikolojia gani, nani wa kuitwa saa ngapi, na unahakikisha simu zinapokelewa. Jina haliingii kwenye fomu. Kuna namba tu, na daftari linalounganisha namba na mtu linakaa mahali pengine chini ya kufuli. Swali la GPS ondoa, na kwenye mipangilio ya Kobo zima pia namba ya kifaa na jina la mtumiaji. Washa usimbaji wa fomu, ili hata tableti ikipotea asiwepo wa kusoma kilichomo. Na usiulize alichotendewa kama mada yako haihitaji. Anayetafiti jinsi shule zinavyowapokea hana sababu ya kuuliza nani aliua nani.

Bagira_Sheria

Mama ameeleza vizuri, na niongeze kwamba hata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliteleza hapo hapo. Kwenye kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kikundi cha silaha cha Ituri, hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji waliweka kando ushahidi wa mashahidi kadhaa waliosemekana kuwa watoto askari wa zamani, kwa sababu watu wa kati waliotumiwa na mwendesha mashtaka kuwatafuta hawakuaminika. Alihukumiwa kwa ushahidi mwingine, zikiwemo video. Mtu wa kati anayechagua nani azungumze ni hatari sawasawa, uwe mtafiti au uwe mwendesha mashtaka.

Na ona umri, maana wanafunzi wanachanganya kila mwaka. Mkataba wa Roma unaadhibu kuandikisha askari aliye chini ya miaka 15. Itifaki ya mwaka 2000 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, sheria yetu ya 2009, pamoja na Kanuni za Paris za 2007 kuhusu watoto kwenye vikundi vya silaha, vyote vinahesabu 18. Memwari (kazi ya kumaliza masomo) inayosema "mtoto askari" bila kusema inafuata kipimo kipi inakatwa pointi ukurasa wa kwanza.

Karisimbi243

Kipimo, kipimo. Hapo hapo niambie, hiyo 14 ya kosa la jinai inalindwa na nani mtaani? Mtoto anashikwa hana karatasi ya kuzaliwa, polisi anamwangalia urefu, anaandika 16.

Bagira_Sheria

Hilo si kosa la kipimo. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, ile ya Geneva, kwenye Maoni ya Jumla nambari 24 ya mwaka 2019, inazihimiza nchi ziweke angalau 14. Mwaka 2007 ilikuwa bado inasema 12. Sisi tulikuwa na 14 tangu 2009, tuliwatangulia. Shida iko kwenye hali ya kiraia: sheria inataka mtoto aandikwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, siku zinapita, halafu kuandikisha kunapitia mahakamani na wazazi wanaona safari hiyo ni ndefu. Nayo ni mada. Nani amehesabu kesi ambazo umri ulikadiriwa kwa macho?

Karisimbi243

Umesema "amehesabu". Nashukuru.

Bagira_Sheria

Hata kuzihesabu unahitaji kujua mlango. Kesi za watoto zinasikilizwa milango ikiwa imefungwa, huwezi kwenda kukaa benchi la nyuma na daftari. Unamwandikia rais wa mahakama ya watoto, unataja miaka unayotaka kusoma, unaahidi kwa maandishi kutotoa majina, na unasomea dosie kwenye ofisi ya karani bila kutoka na nakala. Chukua umri ulioandikwa, umetoka wapi (cheti, daktari, maneno ya mzazi), tarehe ya kushikwa, tarehe ya kufika mbele ya jaji, kama ripoti ya mfanyakazi wa kijamii imo, na hatua iliyochukuliwa. Safu sita tu, na unayo makala. Usisahau kuuliza na chemba ya rufaa, ile yenye majaji watatu. Wengi wanasahau kwamba ipo.

Asistenti_wa_Milele (Bukavu)

Tumefundishwa mengi lakini mwenye mada bado hajajibu maswali. Mwana_Ibanda, pointi? Nani anasubiri?

Mwana_Ibanda

Samahani wakubwa. Lisansi ni ya mfumo wa zamani, sheria. Mwaka wa mwisho distinksio, ule wa kabla yake satisfaksio, daraja la chini yake. Kiingereza ni kidogo. Anayesubiri ni prof mmoja, ameniambia nafasi ya asistenti (msaidizi wa kufundisha chuoni) ipo kama nitabaki.

Asistenti_wa_Milele

Ndiyo! Hicho ndicho ulichoficha, na kinabadilisha kila kitu.

"Nafasi ipo" kwa mdomo wa prof si nafasi. Uliza kama baraza la fakilte limekwisha kukaa na jina lako liko kwenye kikao, na kama barua ya kuteuliwa itatiwa sahihi na nani. Uliza mandati (muda wa uteuzi) inaanza lini, kwa sababu mandati ya asistenti ni miaka 2 na saa inakwenda hata kama hulipwi. Kisha uliza lile ambalo hakuna anayependa kulijibu: mshahara wa serikali. Kuna watu wamefundisha miaka na majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo, wanaishi kwa prime (posho) ya chuo, inayotoka kwenye minervali ya wanafunzi. Wanafunzi wakipungua, prime inapungua. Huwezi kupanga masta ya kulipia juu ya pesa hiyo.

Hata hivyo nafasi ina thamani kubwa, isichezewe. Aliye tayari kwenye ngazi, asistenti, kisha CT (chef de travaux, ngazi inayofuata), anaomba ufadhili wa nje kama mtu wa chuo, na chuo kinamwandikia barua ya kurudi. Wafadhili wanapenda barua hiyo. Aliye nje anaandika "nitatafuta kazi".

Kuhusu distinksio: wanaotazamwa kwa uasistenti ni waliofika 70%. Kama ule mwaka wa satisfaksio unakukaba, uliza fakilte yako inatazama mwaka upi. Usikisie.

Dosie_Tayari (Bukavu)

Niseme juu ya nje, maana hapa kila mtu anapigania fakilte yake na hakuna anayeongelea karatasi.

Masta ya haki za mtoto ya Geneva inafundishwa Sion, kwa Kifaransa, na inachanganya sheria na sayansi za jamii. Ile ya Leiden ni LL.M. (masta ya sheria) ya mwaka mmoja, kwa Kiingereza, kwa watu wa sheria. Kwa "Kiingereza kidogo", Leiden itoe kwenye orodha ya mwaka huu. Mtihani wa lugha peke yake utakula miezi yako na pesa zako. Mbona hukutaja Pretoria? Kituo chao cha Haki za Binadamu kina LL.M. inayochukua wanasheria wa Afrika nzima, na nusu ya pili ya mwaka mwanafunzi anaisomea kwenye chuo kingine cha Afrika. Nayo ni kwa Kiingereza, lakini karibu na matatizo yetu kuliko milima ya Uswisi.

Kikwazo kikubwa kwa mtu wa mfumo wa zamani ni neno lisansi lenyewe kwenye diploma. Ulaya lisansi ni miaka 3. Ya kwako ni miaka 5. Karani wa udahili ana dosie mia, akiona "licence" anakuweka chini bila kuhesabu. Kwa hiyo tuma diploma zote mbili, ya gradua na ya lisansi, na karatasi za pointi za miaka yote mitano. Omba sekretarieti ya fakilte barua inayosema programu ilikuwa miaka 5, saa ngapi kwa jumla, memwari iliandikwa mwaka gani, na 70% inasimama wapi kwenye kipimo chetu. Hilo la mwisho usiliache: huko kwingine 70% inaonekana wastani, hapa ni distinksio na wachache wanaifikia. Tazama pia jina lako: kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na diploma ina mawili, rekebisha kabla ya visa, si baada. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, watu wengi waliokuwa wanafuata karatasi Kinshasa walilazimika kuzunguka nchi jirani. Hesabu nauli hiyo.

Ufadhili: ARES, muungano wa vyuo vya Ubelgiji vya Kifaransa, inataka angalau miaka 2 ya kazi baada ya diploma. Ndiyo maana naungana na Asistenti. Chukua nafasi kama ipo kweli, fundisha miaka miwili, kisha omba.

Kenya_Lushi

Na miaka miwili hiyo anakula nini? Mwambieni afanye na kazi ya shirika.

Mama_Himbi

Shirika lipi, baba? Tangu Marekani walipofunga USAID mwaka 2025, kazi za ulinzi zimepungua vibaya. Waliobaki wanabebeshwa mzigo. Viwango vya kimataifa vya ulinzi wa mtoto kwenye dharura vinasema mfuatiliaji mmoja asizidi watoto 25 kwa wakati mmoja. Ukipita hapo unajaza fomu, hufuatilii mtoto. Anayedhani atafundisha asubuhi na kubeba dosie 60 jioni atafanya vibaya pande zote, na anayeumia ni mtoto.

Karisimbi243

Mimi bado nasema takwimu. Hata akibaki sheria. Kozi ya mtandaoni, R, miezi sita.

Bagira_Sheria

Hapo tunakubaliana, mara moja kwa mwaka. Lakini mwanasheria hahitaji kuhoji nyumba 800.

Karisimbi243

Hazitoki mbinguni hizo 800. Kama hujui asilimia unayoitafuta unachukua 50%, unataka kosa la 5% juu au chini: ni watu 384. Umechagua kwa vijiji, watu wa kijiji kimoja wanafanana, unazidisha mara 2: ni 768. Mmoja kati ya 10 hatapatikana: ni 854. Ukikubali kosa la 10%, unaanza na 96 badala ya 384, na baada ya kuzidisha ni 192. Kwa masta inatosha, mradi uandike wazi kwamba huwezi kulinganisha kijiji na kijiji.

Mama_Himbi

Na anayehoji kwa sauti asijidanganye kwamba ni rahisi zaidi. Mahojiano 30 ya dakika 45 ni saa 22 na nusu za sauti. Kuandika saa moja ya sauti kunakula saa 6 hivi, ni saa 135 kabla ya kutafsiri kutoka Mashi kwenda Kifaransa. Usilipe mtu akuandikie bila kutia sahihi karatasi ya siri.

Mwana_Ibanda

Nimeelewa, asanteni sana. Nitamuuliza prof kama baraza limekwisha kukaa. Swali lingine: kuna jarida limeniandikia lenyewe kwa imeili, linasema makala ya memwari yangu itatoka ndani ya siku 5 nikilipa. Nifanye?

Asistenti_wa_Milele

Hapana! Siku 5 haitoshi mtu kuisoma, achilia mbali kuihakiki. Makala hiyo itakaa kwenye orodha yako maisha yote na kamati ya kupandisha ngazi itaiona.

Dosie_Tayari

Majarida ya kweli ya eneo hili yapo: Child Abuse & Neglect, Children and Youth Services Review, The International Journal of Children's Rights. Ada ya kufungua makala kwa wote ni kubwa, lakini wachapishaji wengi wanaiondoa au kuipunguza kwa waandishi wa nchi kama yetu. Ombi linafanywa wakati wa kutuma makala, si baada ya kukubaliwa, hapo umechelewa. Kusoma, tumia Research4Life, mlango wa majarida kwa vyuo vya nchi kama yetu. Chuo ndicho kinachojiandikisha, si wewe. Muulize mtu wa maktaba nywila. Mara nyingi ipo na hakuna aliyeiomba tangu akaunti ilipofunguliwa.

Bagira_Sheria

Ya Kifaransa je? Jaji wa mahakama ya watoto hatasoma hayo yote ya Kiingereza.

Dosie_Tayari

Andika makala mbili. Ya Kiingereza kwa kupanda ngazi, ya Kifaransa kwa jaji. Data ni moja, lakini maswali yawe mawili tofauti, usitafsiri makala moja ukaihesabu mara mbili.

Kenya_Lushi

Mama Himbi, ile ya kusimba fomu ya Kobo unaifanyaje? Niko na timu inatoka Jumatatu kwenda Kipushi na fomu iko tayari kwenye simu.

Mama_Himbi

Unatengeneza jozi ya funguo kwenye kompyuta yako, ule wa wazi unaubandika kwenye mipangilio ya fomu, ule wa siri unabaki kwako na nakala kwenye flashi. Lakini fomu inabidi itumwe upya kwenye simu zote baada ya hapo. Ile ya zamani iliyomo haitasimbwa. Ukipoteza ufunguo wa siri, data imekwenda, hata Kobo wenyewe hawaifungui. Na kwenye tovuti hutaona tena majedwali, lazima ushushe na ufungue kwa programu ya ODK Briefcase. Jaribu na fomu mbili za uongo kesho kabla timu haijatoka.

Karisimbi243

Na azime GPS ya kamera pia. Picha ya mlango wa nyumba ina mahali ndani yake hata kama fomu haina.

Kenya_Lushi

Picha? Fomu iko na picha tatu...

Mama_Himbi

Zitoe zote, baba.